Kiwewe: Tiba Ianze na Mwili au na Maneno?

TABIBU WA MWILI: Mtu aliyenusurika vita, ubakaji au mlipuko wa bomu haji zahanati akisema ana kiwewe. Anasema kifua kinambana, kichwa kinamgonga, mgongo unamuwaka, usingizi haupati, na mlango ukibamizwa tu moyo unamwenda mbio. Hupimwa malaria, hupewa vidonge vya maumivu, hurudi nyumbani, na baada ya muda yuko tena kwenye benchi la wagonjwa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kuhusu wajane 100 wa Rwanda walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Arobaini kati yao walikuwa wakivamiwa na hofu iliyovaa sura ya mwili, hasa pumzi kukatika ghafla, na waliopatwa na hali hiyo ndio walioonyesha dalili nzito zaidi za kiwewe. Hoja yangu inaanzia hapo. Hatari inapomkabili mtu, ubongo hutoa amri kabla hajapata nafasi ya kufikiri: adrenalini humwagika, moyo huongeza kasi, misuli hukaza ili akimbie au apigane, na asipoweza lolote kati ya hayo, huganda. Kwa walio wengi hali hiyo hutulia siku zinavyokwenda. Kwa wengine haitulii. Miaka inapita na mabega bado yamekaza, pumzi bado ni fupi. Ukimketisha mtu huyo na kumwambia asimulie, unamrudisha kwenye moto kabla hujamwonyesha mlango wa kutokea. Tiba ninayoitetea huanzia kwingine. Mtu anaihisi miguu yake ilivyokanyaga sakafu, anarefusha pumzi inayotoka, anajifunza kutambua pale mwili unapoanza kukaza na pale unapolegea, kidogo kidogo, akiwa na haki ya kusimamisha zoezi wakati wowote. Simulizi itakuja ikija. Isipokuja, usingizi unaweza kurudi hata hivyo.

DAKTARI WA AKILI: Dada, dalili hizo sizikatai, wala hakuna daktari mwenye akili timamu anayezikataa. Ninachokataa ni kuruka kutoka mahali dalili inapoonekana hadi mahali tiba inapotakiwa kuanza. Mgonjwa wa moyo anaweza kuumwa mkono wa kushoto, na hakuna anayemkanda mkono huo akadai ametibu moyo. Swali la tiba hujibiwa kwa kulinganisha watu waliotibiwa na wasiotibiwa, na katika jambo hili ukanda wetu una ushahidi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, ambako wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa tiba ya kusimulia maisha, yaani mtu anapitia maisha yake tangu utotoni, anakaa kwenye matukio yaliyomuumiza mpaka makali yapungue, na masimulizi yake yanaandikwa. La pili lilipata ushauri wa kufarijiwa, la tatu mafunzo tu kuhusu kiwewe. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ugonjwa katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 29. Katika makundi mengine mawili, 79 na 80. Mwaka 2008 matokeo yalitoka Nakivale, Uganda hiyohiyo, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Kisha Kongo Mashariki, 2013: wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliopata tiba ya kuchunguza fikra katika vikundi, miezi sita baadaye ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa, wakati wenzao waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42, na kwa kiwewe mwelekeo ulikuwa uleule. Haya yamepatikana katika ardhi yetu, kwa mikono ya watu wetu, kwa lugha za watu wetu. Wewe unaniletea nini cha kuweka kando ya hayo?

TABIBU WA MWILI: Kwanza nakurudisha Nakivale, Daktari, kwa sababu kuna kundi umelipita. Kati ya waliosimulia maisha yao asilimia 70 walipona, ndiyo, na kati ya waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Lakini palikuwa na kundi la tatu lililopewa ushauri wa kiwewe usiofuata utaratibu wa kusimulia, nalo lilifikia asilimia 65. Kati ya 65 na 70 hakuna mtu atakayejenga juu yake kanuni kwamba simulizi ndiyo ufunguo. Pili, tazama wasiopona na wanaoshindwa kumaliza tiba za aina hiyo unayoisifu. Mwaka 2015 mapitio ya majaribio ya tiba mbili zinazoheshimiwa zaidi, yaliyofanywa kwa wanajeshi na waliokuwa wanajeshi, yalionyesha kwamba kama theluthi mbili yao walikuwa bado na ugonjwa baada ya tiba. Na jaribio lililochapishwa 2023 kwa wanawake waliowahi kutumikia jeshi la Marekani lililinganisha tiba ya fikra na yoga iliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye kiwewe. Nafuu ilikaribiana, ila waliomaliza yoga walikuwa wengi zaidi. Kabla yake, mwaka 2014, wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu kisichosikia tiba waligawanywa. Wiki kumi za yoga kwa upande mmoja, masomo ya afya ya wanawake kwa upande mwingine. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa. Upande wa masomo walikuwa 6 kati ya 29.

Na kuna jambo ambalo takwimu zako haziliulizi: bei ya kusema. Mwanamke wa kijijini Kivu, huko Kongo Mashariki, akisimulia yaliyompata, habari ikimfikia mume anaweza kufukuzwa, ikimfikia aliyemtendea anaweza kuuawa, kwa maana mtendaji yuko kilima cha pili akiwa na bunduki yake. Tiba ya kusimulia humwachia mgonjwa maandishi ya maisha yake. Katika nchi yenye amani hayo ni hati ya heshima. Katika nyumba inayoweza kupekuliwa usiku, ni karatasi ya kumwangamiza. Mwili hauandiki ushahidi wa aina hiyo. Mwanamke anaweza kuja, akapata nafuu, akaondoka bila mtu yeyote, hata mimi, kujua alichofanyiwa.

DAKTARI WA AKILI: Kuhusu Nakivale umesema kweli na nilipaswa kuitaja asilimia hiyo. Kuhusu bei ya kusema, umesema kweli zaidi. Lakini waliofanya kazi Kongo waliliona jambo hilo kabla yetu: tiba ya 2013 ilitumia muundo usiomtaka mwanamke asimulie tukio kwa kina. Walishughulikia fikra zilizobaki baada ya tukio, kama vile kujilaumu, kujiona amechafuka, kuamini kwamba hakuna mtu wa kuaminika tena. Kwa hiyo chaguo si baina ya kusimulia na kunyoosha mwili. Kuna njia ya maneno isiyopita kwenye simulizi, na imepimwa papo hapo Kivu.

Sasa niseme kinachonisumbua zaidi, na si takwimu. Ni maelezo mnayowapa watu. Daktari wa akili Bessel van der Kolk alitoa kitabu mwaka 2014, kikauzwa kwa mamilioni, na kilichobaki vichwani mwa wasomaji ni kwamba mwili hutunza kumbukumbu za maumivu kana kwamba ziko kwenye misuli na nyonga. Peter Levine, mwanzilishi wa njia iitwayo Somatic Experiencing, alijenga hoja yake katika kitabu cha 1997 juu ya wanyama wa porini wanaotetemeka baada ya kumponyoka anayewawinda, akasema binadamu huugua kwa kuwa hakupewa nafasi ya kutetemeka. Mtafiti Stephen Porges aliongeza nadharia ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi katika miaka ya 1990, na wanafiziolojia, Paul Grossman akiwa mmojawapo, wameipinga nguzo baada ya nguzo. Kumbukumbu hukaa kwenye ubongo, na mwanasaikolojia Richard McNally wa Harvard alishaonya miaka mingi iliyopita kwamba mwili kushtuka si ushahidi kuwa kuna tukio lililofichwa. Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Kwa sababu nadharia ndiyo inayotoa ahadi. Ukimwambia mtu kwamba mwili wake unajua siri ambayo akili yake imeisahau, umemfungulia mlango wa kuitafuta siri hiyo. Marekani katika miaka ya 1980 na 1990 watu wengi waliongozwa na wataalamu wao kukumbuka ukatili ambao haukuwahi kutokea. Familia zilivunjika na baba wa watu wakafikishwa mahakamani. Hapa kwetu hatari ni kubwa kuliko hiyo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mwambie kijana wa huko kwamba mkazo wa tumbo lake ni kumbukumbu ya ubaya aliotendewa utotoni, kisha umwache aulize ni nani aliyemtendea. Jina litapatikana. Na mwenye jina hilo anaweza asifike asubuhi.

TABIBU WA MWILI: Hoja hiyo ni nzito na siitupi. Tabibu wa mwili anayetafsiri maumivu ya mgonjwa na kumtajia chanzo chake amevuka mpaka, na ningependa anyang'anywe kazi. Lakini usichome shamba zima kwa sababu ya magugu. Maneno "mwili hutunza kumbukumbu" nitayaacha leo hii, na tiba yenyewe haitapungua hata chembe. Inatosha kusema kwamba mwili umejifunza hatari na haujajifunza kwamba hatari imepita. Hilo halihitaji siri wala nadharia ya Porges. Mbwa aliyezoea kulishwa kengele ikilia hudondosha mate akiisikia tu. Harufu ya petroli inanukia mwanamke anakosa pumzi. Kujifunza huko kunajulikana kwa zaidi ya karne moja, na tiba ya kisaikolojia unayoiamini imejengwa juu yake: mtu akikaa na kinachomtisha mpaka moyo utulie, moyo wake ndio unaojifunza upya. Kwa hiyo wewe pia, Daktari, unatibu mwili, ila unaingilia dirishani.

Na pumzi si ushirikina. Moyo huongeza kasi mtu anapovuta pumzi na hupunguza anapoitoa. Hilo linaonekana kwenye mashine yoyote ya hospitali. Anayerefusha pumzi inayotoka anaushika usukani wa kitu ambacho vinginevyo hakitii amri. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza mpango wake wa vikao vitano kwa watu wenye dhiki, ule uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia na kutolewa na wahudumu wa afya wa jamii, lilianza na nini? Lilianza na kupumua polepole. Kabla ya kutatua matatizo, kabla ya kurudi kwenye shughuli, kabla ya kuimarisha msaada wa ndugu na jirani: pumzi. Basi tusibishane kama mwili una nafasi. Tubishane ni nafasi ya ukubwa gani.

DAKTARI WA AKILI: Ukubwa ndio ugomvi wenyewe. Dakika kumi za pumzi ndani ya tiba iliyopimwa, nakubali bila masharti. Miezi ya kuhisi na kutetemeka mahali pa tiba hiyo, sikubali. Jaribio la Israel la 2017, ambalo ndilo mnalolitaja zaidi kuhusu njia ya Levine, lilikuwa na watu 63 kwa jumla, na waliotibiwa wakalinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye foleni wakisubiri zamu. Mtu anayepata saa moja kila wiki na binadamu mpole anayemsikiliza atapata nafuu kuliko anayesubiri, hata kama saa hiyo wanasuka mikeka. Kule Imvepi kulikuwa na kundi lililofarijiwa na kusikilizwa, na ndiyo maana naliamini jaribio lile ingawa lilikuwa dogo. Mapitio ya 2021 kuhusu njia hiyo ya Levine yalikusanya tafiti 16 na kuhitimisha kwamba dalili ni za kutia moyo, ila ubora wa tafiti unapishana mno. Kutia moyo kunaruhusu utafiti zaidi. Hakuruhusu kuwaondoa wagonjwa kwenye tiba inayojulikana.

MNASIHI WA JAMII: Wanangu, nimewasikiliza, na naona mnagawana mwili na akili ya mtu ambaye hajaulizwa bado. Niseme habari ya mwili wenyewe. Mwanamke aliyebakwa na wenye silaha anaweza kuwa na fistula, maambukizi, maumivu ya nyonga yasiyokwisha, mimba, virusi. Na hata asiyebakwa huumwa mgongo kwa sababu tangu utotoni amebeba makaa na mihogo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Ukimwambia huyu kwamba maumivu yake ni kiwewe kabla hajapimwa, umemtukana, na pengine umemwacha afe kwa ugonjwa uliokuwa na dawa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, Kivu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilijifunza hilo mapema: huduma ina nguzo nne, matibabu, faraja ya kisaikolojia, msaada wa sheria na njia ya kujipatia riziki, na hakuna nguzo inayosimama peke yake. Binti yangu, tiba yako haina chumba cha vipimo. Ianze baada ya chumba hicho, kamwe isianze kabla.

La pili ni mikono. Katika shule nyingi za tiba za mwili tabibu humgusa mgonjwa begani, mgongoni, miguuni, kwa nia njema. Mtu ambaye mwili wake ulichukuliwa kwa nguvu hawezi kuombwa ruhusa mara moja tu mlangoni. Na watu wetu wamefundishwa kumheshimu mwenye koti jeupe. Wataitikia ndiyo huku ndani wanaganda, na wewe utadhani wametulia. Kuganda na kutulia vinafanana sana kwa mtu anayetazama kutoka nje. Hili silioni likisemwa vya kutosha na wanaokuja kutufundisha.

La tatu, na hapa namgeukia Daktari pia. Mnaongea kana kwamba mwili uliletwa na Wamarekani. Mwanaanthropolojia John Janzen aliandika kitabu mwaka 1992 kuhusu ngoma kama taasisi ya uponyaji, akifuatilia kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam na mpaka Cape Town, na alichokikuta ni watu walioteseka wakikusanyika, wakiimba, wakicheza, wakipewa nafasi ya kusema dhiki yao mbele ya wenzao waliowahi kuteseka vilevile. Pwani na Unguja kuna ngoma za pepo. Makanisani kuna kuimba na kucheza mpaka jasho, misikitini kuna dhikri na pumzi yake. Bukavu kwenyewe, katika Mji wa Furaha, kituo cha wanawake walionusurika ukatili kilichofunguliwa mwaka 2011, wanawake wamekuwa wakicheza na kuimba, na hawakuhitaji nadharia ya mshipa wowote ili waanze. Leo mtu anakuja na kitu hichohicho, kimefungwa upya na kupewa cheti, mafunzo yake yanachukua miaka mitatu na ada inalipwa kwa dola. Hapo nauliza: ni nani anayenunua, na ni nini alichokuwa nacho tayari?

TABIBU WA MWILI: Mama, kuhusu vipimo na kuhusu kugusa nakubaliana nawe kabisa. Wengi wetu tumeacha kugusa. Mgonjwa huuweka mkono wake mwenyewe kifuani mwake mwenyewe. Kwenye ngoma ndipo ningependa tuende polepole. Sitaki kudai urithi ambao si wangu, na sitaki kusema kwamba ngoma ya pepo ni yoga ya Waswahili. Anayekwenda ngomani ana mizimu ya kushughulika nayo, ana deni, ana nafasi katika ukoo. Mimi sina cha kumjibu kuhusu hayo. Lakini umenisaidia kwa jambo moja. Inasemwa mara nyingi kwamba tiba ya mwili ni anasa ya matajiri wenye mikeka ya mazoezi, na kwamba mtu wetu anataka kuongea na kushauriwa. Ulichokieleza kinaonyesha kinyume chake. Watu wa ukanda huu, wakiachwa wachague, mara nyingi huanza na mwili na kundi, na maneno hufuata.

DAKTARI WA AKILI: Watu huchagua pia kwenda kwa anayewafunga kamba na kuwachapa ili pepo atoke, na anayewanyima chakula siku nyingi kwa jina la maombi. Kuwa kitu ni cha asili au kinapendwa hakukifanyi kiwe salama. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, ili kazi hizo ziwe na usimamizi. Swali la Mama kuhusu ada, hata hivyo, lingepaswa kumtikisa kila anayependa tiba hizi. Wakimbizi wa Nakivale waliweza kufunzwa kutibu wakimbizi wenzao. Kaskazini mwa Uganda, katika jaribio lililochapishwa 2011 kwa vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari, tiba ilitolewa na watu wasio wataalamu waliofunzwa kazi hiyo. Tiba inayohitaji miaka mitatu ya mafunzo kwa dola itabaki kwenye mitaa ya matajiri, Masaki ya Dar es Salaam na Karen ya Nairobi. Haitafika kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma wala Nyarugusu, na huko ndiko waliko wenye kiwewe.

MNASIHI WA JAMII: Usikimbilie kushangilia, Daktari. Nyinyi mlifika, mkapima, mkaandika, na mradi ukaisha. Mhudumu aliyefunzwa akabaki na daftari lake bila msimamizi na bila mshahara. Tiba nzuri isiyodumu na tiba ghali isiyofika, kwa mwanamke wa Minova kule Kivu, ni kitu kimoja. Na kuna swali ambalo nyote wawili hamjaligusa. Mnasema mwili haujajifunza kwamba hatari imepita. Imepita wapi? Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, Kongo Mashariki, Februari wakaingia Bukavu. Kambi zilizokuwa zimejaa watu zikatawanywa. Mama anayelala na sikio moja wazi katika miji hiyo haugui, anaona sawasawa. Mkimfundisha kulegea, mnamfundisha nini hasa? Mkimfundisha kwamba fikra yake ya kutomwamini mtu yeyote imepotoka, mnamwambia kweli?

TABIBU WA MWILI: Tukimfundisha kulegea tu, tunamdanganya, na huenda tukamponza. Lengo lake ni kupata uwezo wa kupanda na kushuka. Akisikia risasi, mwili upande, akimbie na watoto. Risasi ikikoma, apate hata saa mbili za kulala, maziwa yamtoke anyonyeshe, chakula kishuke. Mwili uliokaza mchana na usiku hautambui tena risasi na mlango uliobamizwa. Umechoka, na uchovu huo wenyewe ni hatari. Hapa ndipo naona faida ya njia yetu mahali pasipo na amani: haihitaji mtu aamini kwamba dunia ni salama. Inahitaji tu atambue kwamba dakika hii, chini ya turubai hili, hakuna anayempiga.

DAKTARI WA AKILI: Na mimi nijibu kwa haki. Vijiji vya jaribio la 2013 havikuwa na amani. Mashambulizi na watu kukimbia makwao viliendelea wakati tiba ikiendelea, na bado wanawake walipata nafuu. Ninazozisemea hapa si fikra za kuwaogopa wenye bunduki. Ni zile za kujilaumu. Mwanamke anaweza kuendelea kumwogopa askari na wakati huohuo akaacha kuamini kwamba yeye ndiye aliyejiletea balaa. Hilo pumzi hailiwezi. Hakuna namna ya kupumua itakayomwondolea mtu aibu aliyofundishwa na kijiji kizima. Aibu iliingia kwa maneno na nina shaka kama itatoka kwa njia nyingine. Lakini hoja ya Dada kuhusu usingizi na kunyonyesha naipokea. Nisichokipokea ni kuiamini bila kupima. Jaribio hilo linawezekana: vikundi viwili vya wanawake, vyote vimepimwa magonjwa kwanza, vyote vinapata tiba ya fikra, kimoja kimetanguliwa na wiki chache za mazoezi ya mwili yanayoweza kufundishwa na mkunga au mhudumu wa kijiji. Tuhesabu wanaomaliza, wanaolala, na wanaozidiwa. Wanaozidiwa lazima wahesabiwe. Wapo watu ambao kufumba macho na kusikiliza mwili kunawarudisha moja kwa moja kwenye tukio, na katika ripoti nyingi za tiba za mwili watu hao hawaonekani.

TABIBU WA MWILI: Jaribio hilo nalikubali leo, na hao wanaozidiwa nitakuwa wa kwanza kuwahesabu. Nami nina sharti. Msiwapime kwa hojaji peke yake, ile inayouliza kumbukumbu na ndoto na fikra, kisha mkasema mwili haukubadilika. Ulizeni amelala saa ngapi, amekwenda shambani mara ngapi, ameweza kumbeba mtoto, ameweza kuingia hospitali na kupimwa nyonga bila kuzimia. Kama baada ya hapo njia yangu haiongezi kitu, nitaiacha.

DAKTARI WA AKILI: Na kama ikiongeza, nitaifundisha. Ila mpaka siku hiyo, anayekuja kwangu atapewa kile kilichothibitishwa, na pumzi itakuwa utangulizi.

TABIBU WA MWILI: Na mpaka siku hiyo atakayeshindwa kukimaliza hicho kilichothibitishwa atakwenda wapi, Daktari? Ndio hao ninaowauliza tangu mwanzo. Tiba iliyothibitishwa kwa waliobaki haijathibitishwa kwa walioondoka.

MNASIHI WA JAMII: Wakati mnasubiriana, kuna watu wanaofundisha tayari, wengine kwa wiki moja, na kuondoka. Ninachowaomba wote wanaopanga kuleta tiba ya mwili Bukavu, Goma, Nakivale au Kakuma ni hiki. Msimtajie mtu chanzo cha maumivu yake kabla hajaonwa na mganga wa hospitali. Msimguse, na mkimwomba ruhusa mumwombe tena kila mara, na mumwonyeshe kwamba hapana yake haitamnyima sabuni, unga wala nauli. Msiweke ndani ya mazoezi jambo linalogusa imani ya mtu bila kumweleza, maana wapo Wakristo na Waislamu wanaoiona yoga kuwa ibada ya dini nyingine, na wana haki ya kuambiwa ukweli na kuchagua. Fundisheni wakunga na wanasihi wa mahali hapo, kwa Kiswahili au Kimashi au Kinyarwanda, na muwaachie msimamizi atakayekuwepo mwaka wa pili na wa tatu. Na wafadhili walipeni wanasihi hao mshahara, kwa sababu mtu anayesikiliza maumivu ya wengine kutwa nzima akiwa na njaa hataweza kumtuliza yeyote, si kwa mwili wala kwa maneno.